Siku tano na Mjomba fundi makuti, kuzisoma paa za mabua Uingereza

Siku ya kwanza, Jumanne. Birmingham hadi Stratford

Mjomba wangu alianza kuezeka makuti Pangani kabla mimi sijazaliwa. Zamani aliezeka nyumba za watu. Siku hizi watu wamehamia kwenye mabati, naye anaezeka migahawa na vibanda vya hoteli za ufukweni, wanakolala wageni waliozaliwa chini ya vigae. Alipokuja kunitembelea Birmingham mwezi huu wa Mei, wiki ya kwanza nzima alikaa dirishani akizitazama paa za mtaa wetu. Siku ya nane akaniuliza, "Mjomba, hawa wenzetu hawakuwahi kuezekea nyasi?" Sisi huitana mjomba kwa pande zote mbili, kama kawaida ya kwetu. Nikaomba likizo ya siku tano.

Treni kutoka kituo cha Moor Street hadi Stratford-upon-Avon ni mwendo wa chini ya saa moja. Njiani nilimweleza kwamba tunakwenda mji wa Shakespeare. "Si yule wa Mwalimu?" Ndiye. Mwalimu Nyerere alitafsiri tamthilia zake mbili, ya kwanza ikatoka 1963 na ya pili 1969. Mjomba aliisoma ile ya pili, Mabepari wa Venisi, shuleni na bado anakumbuka habari ya ratili ya nyama. Kwa hiyo alishuka treni kama mtu anayekwenda kuwasalimia jamaa.

Mji wenyewe ulimwangusha. Nyumba za kale ziko nyingi, za fremu ya mbao na kuta nyeupe, ila juu ni vigae vitupu. Sababu ni moto. Stratford iliungua vibaya mwaka 1594, ikaungua tena 1595, na tena 1614. Cheche za paa moja la mabua zikichukuliwa na upepo hushuka kwenye paa la jirani, na mtaa wa kwanza ukiteketea wa pili huwa tayari umeshashika. Mabua yakafukuzwa mjini, yakabaki mashambani.

Jambo moja lilimpendeza. Zile mbao nyeusi kama lami zinazouzwa kwenye kila postikadi, weusi wake kwa sehemu kubwa ni mtindo wa karne ya 19. Mti wa mwaloni ukiachwa wenyewe kwenye mvua na jua hugeuka kijivu. "Basi wamepaka hina mvi," akasema, tukaenda kulala.

Siku ya pili, Jumatano. Shottery

Tulitoka saa tatu asubuhi kwa miguu. Njia ya wapita kwa miguu inatoka mjini na kuishia Shottery, kama kilomita moja na nusu, na ukikunja kona ya mwisho unaiona: nyumba aliyozaliwa Anne Hathaway, mke wa Shakespeare. Paa limeshuka chini, zito, limepanda na kushuka juu ya madirisha ya ghorofani kama nyusi za mzee. Watu waliokuwa mbele yetu walitoa simu. Mjomba alibaki barabarani, mikono nyuma, na dakika kumi nzima hakusogea.

"Hii siyo nyumba moja," akasema hatimaye. "Mgongo wa paa umekatika. Hapa ni fupi, kule ni ndefu. Waliongeza."

Alikuwa amesema kweli kabla ya kusoma kibao chochote. Sehemu fupi ndiyo ya kale, ya mwaka 1463 au karibu na hapo, na ilikuwa na vyumba vitatu tu. Ile ndefu, upande wa bustani ya matunda, ni ya mwanzoni mwa karne ya 17. Anne alizaliwa karibu 1556 na kuolewa Novemba 1582, yeye akiwa na miaka 26 na bwana harusi 18. Upande huo mrefu, ambao ndio unaoijaza picha, yeye hakulelewa ndani yake. Ni kazi ya kaka yake, Bartholomew, na nitarudi kwake.

Watu huiita kijumba. Ndivyo jina lake la Kiingereza linavyosema, na jina hilo nalo ni nyongeza, lilikuja na watalii. Kina Hathaway walikuwa wakiliita shamba lao Hewlands. Babu yake Anne, John, alikuwa mpangaji hapa tangu 1543, mfuga kondoo, na ardhi yao ilizidi ekari 90. Leo nyumba ina vyumba 12. Mjomba aliposikia hesabu hiyo alicheka hadi akakohoa. "Vyumba kumi na viwili ni kijumba? Mimi kwangu tutapaitaje?"

Ndani unaingilia kwenye njia nyembamba inayoikata nyumba kutoka mbele hadi nyuma. Upande mmoja ni ukumbi wa kale, mwingine ni jikoni. Sakafu ni ya mawe, dari iko chini, na kuna baridi ya udongo ambayo niliijua kabla sijaifikiria. Kuta ni mifupa ya mwaloni, na nafasi kati ya mbao zilijazwa fito zilizosukwa, kisha zikakandikwa udongo uliochanganywa na nyasi na kinyesi cha ng'ombe. Mwongozaji mmoja alikuwa akiwaeleza jambo hilo Wamarekani wawili kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayesimulia maajabu. Mjomba aliniuliza anasema nini. Nikamwambia anaeleza kukandika. Akaguna. Mafundi wa Hathaway, wakifufuka leo, wangeweza kuingia Pangani na kupewa kazi siku hiyohiyo.

Tulipopanda juu ndipo alipopata cha kustaajabu. Nguzo za nyumba hii ya kale hazikusimama wima kama zetu. Ni magogo mazito yaliyopinda, mawili mawili, yanayoanzia chini karibu na msingi, yanapanda yakiinamiana mpaka yanakutana kileleni. Mara nyingi fundi wa zama zile alitafuta mti uliojipinda wenyewe, akaupasua katikati kwa urefu, akapata pande mbili pacha. Uzito wa paa hushuka kwa magogo hayo hadi ardhini, ukuta hauna mzigo. Ukuta ukioza unaubomoa na kuukandika upya, paa likibaki juu yako.

"Mataruma," akasema Mjomba, akiupapasa mti kwa kiganja. "Wamejenga jahazi wakaligeuza."

Sasa nifike kwenye jambo lililotushika siku nzima, nalo ni moshi. Nyumba ya 1463 haikuwa na dohani. Ukumbi ulikuwa wazi kutoka sakafuni hadi kwenye mabua, hakuna ghorofa, na moto uliwaka katikati ya sakafu. Moshi ulipanda, ukatanda juu, ukajichuja taratibu kwenye paa. Nilipomfafanulia hivyo Mjomba alinitazama kama nimemweleza kwamba samaki wanakaa majini. "Si jiko la nyanya yako?" Ndilo. Jiko lile la Pangani, makuti meusi yenye masizi yanayoning'inia kama nyuzi, lilikuwa likidumu kuliko nyumba kubwa, na sababu aliyokuwa akitupa bibi ni kwamba mdudu hapendi moshi.

Halafu ikaja karne ya 16, wakulima wa Uingereza wenye uwezo wakaanza kujenga dohani ndani ya nyumba za zamani. Ukishaufunga moshi ndani ya mfereji wa mawe, ile nafasi tupu ya juu inakuwa safi. Ikiwa safi, unaweza kuweka sakafu ya mbao katikati. Ukiweka sakafu, umepata vyumba vya kulala, na vyumba vinataka madirisha, na madirisha ya juu ndiyo yanayolazimisha paa kupanda na kushuka kama nyusi. Uzuri wote ule wa kwenye postikadi ni matokeo ya bomba la moshi. Nilikuwa nimeshapita hapa mara mbili na sikuwahi kuliona hilo, nikidhani nyumba ilizaliwa na sura yake.

Kwenye dohani ya ukumbi zimechongwa herufi I.H. na mwaka 1697. Zama zile herufi hiyo ya kwanza ilisimama badala ya J, kwa hiyo ni John Hathaway, wa vizazi vya baadaye, aliyeijenga upya na kuweka jina lake. Mjomba hakumlaumu. Yeye mwenyewe huacha alama ya kidole kwenye saruji ya nguzo ya kona.

Bwana Bartholomew alifanya nini? Baba yao, Richard, alifariki 1581 akiwa bado mpangaji. Mwaka 1610 Bartholomew aliinunua nyumba na ardhi ikawa mali yao kamili. Mtu akishamiliki hukata ubahili, na nyongeza ile ndefu inafuata baada ya ununuzi huo. Kwetu ni hivyo hivyo: mpangaji anaziba panapovuja, mwenye nyumba ndiye anayesimamisha nguzo mpya.

Kuna kitanda cha kale chenye nakshi, na watu walijazana hapo, kwa sababu Shakespeare katika wosia wake wa 1616 alimwachia mkewe kitanda "cha pili kwa ubora". Wataalamu wamebishana karne kadhaa kama ni matusi au mapenzi. Tulipita.

Baadaye ukoo ulipungukiwa, na katika karne ya 19 nyumba iligawanywa wakakaa wapangaji mbalimbali. Mwenye kuonesha nyumba kwa wageni alikuwa Mary Baker, mwanamke wa damu ya Hathaway, na hata shirika la hifadhi lilipoinunua mwaka 1892 aliendelea kuishi humo na kuwapokea wageni hadi alipofariki 1899. Nilimpenda huyo mama bila kumjua. Mwaka 1969 moto uliiunguza vibaya sehemu ya nyumba, ikajengwa tena, na leo macho yangu hayakuweza kutofautisha. Ya Mjomba yaliweza, au alisema hivyo.

Bustani sikuipenda. Ni nzuri mno. Maua yamepandwa kwa mpangilio wa kujifanya hayakupangwa, kazi ya mwanzoni mwa karne ya 20, ambayo bingwa wa bustani Ellen Willmott alishirikishwa. Wakati wa Anne hapa palikuwa uwanja wa shamba: matope, kuku, samadi, kondoo. Nikamwambia Mjomba wangeachia hata mbuzi mmoja. Akasema mbuzi atakula paa.

Siku ya tatu, Alhamisi. Welford-on-Avon

Basi la asubuhi lilitupita tukiwa tunabishana upande wa kusimama. La pili lilitufikisha Welford, kijiji chenye nyumba nyingi za mabua. Bahati ikatuangukia: mtaa wa pili tu, ngazi ukutani, na mtu juu yake. Mwezekaji.

Mjomba hajui Kiingereza cha kuzungumza, na yule bwana hakujua hata "jambo", lakini nilitafsiri dakika tano za mwanzo tu, kisha wakaanza kusemezana kwa mikono. Niliandika nilichoweza, daftari likilowa manyunyu.

Huku kuna aina tatu. Mabua marefu ya ngano, ambayo ndiyo ya kienyeji ya nchi hii ya kati. Mabua yaliyochanwa na kunyooshwa, ya magharibi. Na matete ya majini, ya mashariki. Mabua marefu hudumu kama miaka 20 hivi, matete hufika 40 na kuendelea. Mgongo wa paa peke yake hubadilishwa kila baada ya miaka 10 hadi 15, maana ndipo mvua inapopiga kwanza. Niliposema 40, Mjomba aliniambia nirudie. Makuti yake, yakiwa ya viungo, yamefungwa kwa karibu na paa likiwa limeinama vizuri, ni miaka mitano, sita kwa bahati. Alinyamaza. Kisha akauliza, "Sasa huyu anakula nini?" Maana fundi wa paa la miaka 40 anaonana na mteja mara moja maishani. Yule bwana alicheka, akasema yeye hufanya mabua.

Mabua nayo yana shida yake. Mashine za kisasa za kuvunia ngano hupondaponda bua, na ngano ya kisasa imefupishwa ili isilale na upepo. Kwa hiyo kuna wakulima wachache wanaopanda ngano ndefu za zamani, kama ile iitwayo Maris Widgeon ya mwaka 1964, na kuivuna kwa mashine zilizokwisha kuzeeka, kwa ajili ya paa tu. Mjomba alielewa mara moja. Minazi ya kisasa ni mifupi nayo, na kuti lake halimpendezi.

Kisha ufungaji. Sisi tunafunga: pau, fito, kamba, kila kuti na fundo lake. Hawa wanachomeka. Huchukua kijiti cha mti uitwao hazel, wanakipasua, wanachonga ncha mbili, kisha wanakisokota katikati na kukikunja kama pini ya nywele bila kuvunjika, na kukididimiza kwa kiganja kwenye paa la zamani lililo chini. Mjomba alijaribu. Cha kwanza kikakatika. Cha pili kikakatika. Cha tatu kikakubali, na mwezekaji akakipachika palepale, mstari wa tatu kutoka chini. Kwa hiyo Welford kuna pini moja ya Pangani.

Hilo la paa la zamani lililo chini ndilo lilimkera na kumvutia pamoja. Sisi tunaezua lote, tunachoma, tunaanza upya. Wao wanakwangua uozo wa juu tu na kulaza tabaka jipya, fundi baada ya fundi, mpaka paa linakuwa nene kupita urefu wa mkono. Bwana yule alisema kusini-magharibi, jimbo la Devon hasa, kuna paa ambazo tabaka la chini kabisa halijaguswa tangu zama za moto wa katikati ya sakafu, na bado ni jeusi kwa masizi. Wataalamu huchambua humo masuke na magugu ya mashamba ya miaka 500 iliyopita. Mjomba akanigeukia na uso wa mtu aliyeshinda kesi. "Nilikwambia. Mdudu hapendi moshi."

Bei hatukuuliza, ila bwana mwenyewe alituambia kwamba wenye nyumba hulalamika kuhusu bima kuliko wanavyomlalamikia yeye. Paa hili lilikuwa la asiyeweza kununua vigae. Leo ni la mwenye nazo. Mjomba alisema na yeye wateja wake ni haohao.

Siku ya nne, Ijumaa. Wilmcote

Tulifuata mfereji wa mashua kwa miguu, mvua imekatika. Wilmcote ni nyumbani kwa Mary Arden, mama yake Shakespeare, na kisa chake kinachekesha. Nyumba nzuri ya mbao iliyooneshwa kwa miaka mingi kuwa ndiyo yake, mwaka 2000 ilithibitika kwamba ni ya jirani, Adam Palmer. Ya kweli ilikuwa hapo karibu, nyumba ambayo hakuna aliyeipiga picha, kwa kuwa uso wake ulikuwa umefunikwa matofali. Ndani ya matofali hayo kuna mwaloni, na pete za mti zimepimwa zikarudi hadi 1514.

Tuliitazama kutoka barabarani. "Miaka yote hiyo wanamzuru jirani," akasema. Nilidhani atacheka, lakini aliendelea kuutazama ule ukuta, na njiani akanieleza kwamba nyumba ya baba yake Pangani, ile ya kiambaza, kaka yake amekwisha kuizungushia tofali za saruji na kuiweka bati. Udongo uko ndani bado. Hajui atamweleza vipi mtu kwamba pale ndani mna nyumba.

Siku ya tano, Jumamosi. London

Ndege yake ilikuwa ya usiku, tukapitia London mchana, ukingo wa mto Thames, kuiona Globe. Jumba la kwanza la maonyesho la jina hilo liliezekwa kwa nyasi. Tarehe 29 Juni 1613, katikati ya tamthilia ya Shakespeare, mzinga wa maonyesho ulilipuliwa, cheche ikaingia paani, na jumba zima likaisha. Hakufa mtu, yasemekana bwana mmoja suruali yake ilishika moto akaizima kwa chupa ya pombe. Walipojenga tena, waliezeka vigae.

Lililopo sasa lilifunguliwa 1997 na limeezekwa matete ya Norfolk, paa la nyasi la kwanza kuruhusiwa London tangu moto mkubwa wa 1666. Juu ya mgongo wa paa yamepita mabomba ya maji tayari kwa kunyunyiza. Mjomba aliyatazama muda mrefu akasema wazo hilo atalipeleka kwa wale wa hoteli, ila watauliza nani analipia maji.

Uwanja wa ndege alitoa mfukoni kijiti cha hazel, kimechongwa ncha mbili. Yule bwana wa Welford alikuwa amempa. Nikamwambia ncha hizo hazipiti na mzigo wa mkononi. Tukafungua sanduku pale sakafuni, akakisokomeza ndani ya kanzu.

Jana ameniletea ujumbe wa sauti. Shikamoo yangu hata hakuipokea, ameanza moja kwa moja: amejaribu fito ya mkoko, imekatika, amejaribu mkwaju, umekatika, mtu wa Muheza amemwahidi mti mwingine, jina lake sikulisikia vizuri kwa sababu ya kelele za jogoo.